Muulize Ami: Nashinda kwenye simu kutangaza nyumba, hivi inalipa kweli?

Barua ya kwanza imetoka Fuoni, hapa Unguja. Nimeipunguza kidogo mana ilikuwa ndefu, lakini maneno ni yake mwenyewe.

"Assalaam alaykum Ami. Mie ni kijana wa miaka 29, nafanya udalali wa nyumba na viwanja, mwaka wa tatu huu, zaidi Fuoni, Tomondo na Mwanakwerekwe na mara moja moja shamba. Nilipoanza nlikuwa natembea na vespa ya kaka yangu nagonga milango, nakaa barazani na wazee, wateja wachache lakini wakija. Mwaka jana rafiki yangu akanambia umechelewa wewe, siku hizi kila kitu mtandaoni, basi nikafungua Facebook, Instagram na TikTok, na statasi ya WhatsApp sishuki chini ya picha 15 kwa siku. Sasa Ami nakaa na simu masaa manne mpaka matano kila siku, napiga picha, nakata video, natia maneno, najibu komenti za bei gani na wapi hapo, nimepata wafuasi zaidi ya elfu sita na mtaani wananiita kwa jina la akaunti yangu, lakini nikihesabu nyumba nilizokodisha kupitia huko ni chache na kiwanja sijauza hata kimoja. Bando linanitoa jasho. Mke wangu ananiuliza simu hii inatuletea nini nyumbani na sina jibu la kumpa. Niendelee au nirudi kwenye vespa? Na kuna jamaa anasema mpaka nilipie matangazo ndo yatasogea, ni kweli? Dalali wa Fuoni."

Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu, ahsante kwa kuandika bila kuficha. Suala la mkeo ndo suala lenyewe na mie naanza na hilo hilo kabla hatujafika kwenye Instagram. Chukua kalamu. Umesema masaa manne mpaka matano, tushike manne, na tuseme Ijumaa unapumzika, basi mwezi una siku 26, yani masaa 104. Tuseme mwezi mzuri simu imekuletea wapangaji wawili, kila mmoja nyumba ya laki moja na nusu, na udalali wako ni kodi ya mwezi mmoja, umepata laki tatu. Gawa laki tatu kwa masaa 104 inakuja kama shilingi 2,900 kwa saa, na hapo bando hatujalitoa, mafuta ya vespa hatujayatoa, na wale uliowapeleka kuangalia wakasema ntakujulisha wakapotea nao hatujawatia. Mwezi mbaya ndo usiseme.

Sasa usikimbilie kufuta akaunti. Hesabu hiyo hiyo irudie kwa saa moja kwa siku, masaa 26 kwa mwezi, na wapangaji wawe wale wale wawili, saa yako imepanda mpaka zaidi ya 11,500. Utanambia Ami nikipunguza masaa na wateja si watapungua? Kwa nilivoona mimi kwenye kazi hii, na nimeianza 1998 wakati tangazo la nyumba ni mdomo wa mtu pale Jaws Corner na kikombe cha kahawa, hawapungui. Mana yale masaa matatu ya juu hayaendi kwenye kutangaza, yanaenda kwenye kufungua simu kuangalia nani kalaiki, kusoma komenti za watu wasiokuwa na nia ya kuhama, kuangalia video za madalali wenzako wa Dar es Salaam na Nairobi mpaka unajiona wewe hufanyi kitu. Kwaiyo jibu langu kwa mkeo ni kwamba inalipa, lakini kwa saa moja, na kwa kitu kinachofaa kutangazwa huko, na sio kila ulichonacho mkononi kinafaa.

Nyumba ya kupanga na kiwanja cha kuuza si biashara moja ingawa dalali ni huyo huyo mmoja. Anaetafuta nyumba ya kupanga mara nyingi ni mtu asiejua mtu. Kaja kutoka Bara kafanya kazi hotelini Paje au Nungwi, au ni mwanafunzi wa Tunguu, mana SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, iko pale na Zanzibar University iko pale na kila mwaka wanakuja wapya, au ni mwalimu kahamishwa skuli kaambiwa aripoti Jumatatu. Huyo hana mjomba wa kumuuliza, ana simu, na anataka kuingia kabla mwezi haujaisha. Huyo ni wako, mtafute huko huko mtandaoni na mtangazie vyumba viwili na ukumbi, maji yapo, mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, iko peke yake, kodi kiasi kadhaa.

Anaenunua kiwanja ni mwengine kabisa. Pesa yake kaikusanya miaka, anataka kujua kiwanja kilikuwa cha nani, jirani nani, kuna kesi au hakuna, sheha, yani kiongozi wa serikali wa mtaa, anasemaje, na hivo vyote havikai kwenye video ya nusu dakika. Ndo mana hujauza hata kimoja kwa TikTok na usijilaumu. Lakini hapa kuna kitu nataka ukione vizuri. Mtu yule yule akishaambiwa na mjomba wake nenda kwa kijana wa Fuoni, usiku anafungua simu anakutafuta. Anaangalia ulichoposti miezi sita nyuma. Anaangalia kama nyumba zilizokwisha umeandika imeshapata mtu au umeziacha ili watu wapige simu uwaambie hiyo imeondoka lakini nina nyengine. Anaangalia unawajibu vipi watu. Kwaiyo kiwanja hakikuuzwa na ukurasa wako, kiliuzwa na mjomba, ila ukurasa ungekuwa mchafu kisingeuzwa. Kazi hiyo ya ukurasa wengi hawaihesabu mana haina namba ya kuonesha, na mimi naithamini kuliko wafuasi wako elfu sita.

Halafu kuna kundi la tatu, watu wetu wa nje. Hawa ndo sababu kubwa nasema usiache. Mzanzibari yuko Muscat, yuko Dubai, yuko London, ana miaka 15 hajakaa nyumbani, anataka kujenga au kununua nyumba ya kumalizia, na ndugu zake wamemchosha. Huyo hawezi kuja kukaa na wewe barazani, simu ndo baraza yake. Na huyu ana wakati wake. Muscat iko mbele yetu saa moja tu na mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi, kwaiyo ukituma Alkhamisi usiku anaangalia kwa raha na familia yake, London wao wako nyuma yetu masaa mawili au matatu kutegemea msimu na wanapumzika Jumamosi na Jumapili. Badala ya picha 15 kila siku, tuma video moja ndefu nzuri Alkhamisi. Mtu wa nje hataki muziki, anataka umtembeze, utoke barabara kubwa uingie ndani mpaka mlangoni bila kukata, aone njia ikoje, gari inapita au haipiti, umbali wa msikiti, umbali wa skuli. Na masika mvua ikinyesha usikae ndani, hiyo ndo siku yako ya kazi, nenda kapige video maji yanakwenda wapi. Mtu akiona nyumba kwenye mvua kubwa na uwanja haukujaa maji kaona kitu ambacho hakuna dalali mwengine anamuonesha. Na kama umejaa mwambie umejaa.

Lakini ngoja nikupe khabari moja ambayo mpaka leo inaniuma. Miaka kadhaa nyuma, Facebook ndo imeshika, kaka mmoja alinipa nyumba ya baba yao marehemu, nyumba ya mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, ya zamani, akanambia ndugu wote wamekubali na mie nikamuamini mana nlimjua tokea udogo. Nikapiga picha nikaposti mchana. Usiku ule ule nikapigiwa simu kutoka Muscat, dada yake, analia. Alikuwa kaona picha za nyumba ya baba yake, na chumba alichozaliwa, ziko kwenye simu ya jirani yake kule na bei imeandikwa chini, na hakuna mtu alomwambia kitu. Sikuwa na la kumwambia. Niliitoa ile posti lakini ilikuwa imeshasambazwa kwenye magrupu, na yule dada na kaka yake wamekaa muda mrefu hawazungumzi. Tokea siku ile mie sipigi picha ya nyumba ya urithi mpaka niwe nimeona karatasi ya mirathi, imepita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahakama ya Kadhi, na nimezungumza kwa mdomo wangu na kila mrithi, hata alioko nje, hasa alioko nje. Mwanangu, zamani ukikosea ulikuwa unakosea mtaani, watu kumi wanajua, unakwenda kuomba radhi magharibi imekwisha. Sasa kosa linafika Oman kabla hujashuka kwenye vespa.

Kwaiyo katika yale masaa matatu utakayoyaokoa, yapeleke kwenye karatasi. Ardhi ya Zanzibar kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ni ardhi ya umma iko chini ya Rais, anachouza mteja wako ni haki ya matumizi, na uhamisho una njia yake na Bodi yake ya Uhaulishaji. Nenda Kamisheni ya Ardhi uulize kabla ya kuposti. Ukiwa na shamba la eka tatu, zile zilogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, simama kabisa, zina masharti yake na si mali ya kukatwa ploti ukatia kwenye Facebook. Na minazi nayo uliza, mana kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, nimeona mtu kanunua kiwanja kwa sababu ya minazi saba alioiona kwenye picha, kumbe minazi ina mwenyewe. Dalali anaejua haya akayasema kwenye video kwa Kiswahili chepesi, hiki uulize vipi, kile uangalie wapi, huyo watu wanamrudia hata kama leo hawanunui kitu. Nakwambia video za aina hiyo ndo ambazo watu wanaziweka na kuwatumia ndugu zao, kuliko picha ya choo.

Na nimetaja picha ya choo, niseme na hili. Unaingia nyumba ya watu, mpangaji bado yumo, kuna mama, kuna nguo zimeanikwa, kuna picha ya harusi ukutani, kuna mtoto kalala. Hodi peke yake haitoshi. Uliza jana yake, waambie unapiga video inakwenda mtandaoni, wape nafasi watoe vitu vyao na wanawake watoke au wakae chumba chengine, na uwani usizungushe simu ukachukua nyumba ya jirani na watu wake. Mwenye nyumba hana haki ya kukuruhusu kuonesha maisha ya mpangaji. Nasikia watu wanasema hayo mambo ya zamani. Hapana, hii ni stara ya watu, na mama wa nyumba aliyeheshimiwa ndie atakaekwambia kesho kuna nyumba ya wifi yangu inahama mtu.

Kuhusu WhatsApp, hebu punguza zile picha 15. Statasi inakaa masaa 24 tu, na anaeiona ni yule aliekuseva na wewe umemseva, kwaiyo kila siku unawaonesha nyumba watu wale wale, binamu zako na ulosoma nao, na wao wameshajifunza kukupita. Tatu zinatosha. Fanya orodha ya kutuma kwa pamoja, inachukua watu 256 kwa orodha moja, na inamfikia yule tu alieseva namba yako, basi ukimalizana na mteja mwambie niseve dalali fulani, nione uliniseva. Weka orodha ya wanaotafuta kupanga mbali na ya wenye nia ya kununua, usimtumie mtu wa Muscat chumba kimoja cha Kisauni kila siku, atakubloku. Na chukua ile WhatsApp ya biashara, utaweza kupanga nyumba zako na bei na majibu ya haraka, ile tu ya kuandika upya bei na mahali kila mtu akiuliza inakula nusu saa yako.

Hapo kwenye bei pia uliza nafsi yako, kwanini kila komenti ni bei gani? Kwa sababu hujaandika. Mmefundishana kwamba mtu akikosa bei atakuja inboksi na ndo utamshika. Anaekuja inboksi kuuliza bei halafu akakimbia kakupotezea muda wewe na yeye. Andika bei, andika mtaa, andika udalali wako ni kiasi gani na unalipwa na nani. Na iandike kwa shilingi. Wengi wenu mnaandika dola kwa sababu ya wageni, lakini kuna kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zilizokataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa biashara za ndani ya nchi, na posti yako ni ushahidi umeuandika kwa mkono wako.

Huyo jamaa wa kulipia matangazo hajakudanganya ila hajakueleza. Ukibonyeza kile kitufe cha kuikuza posti bila kuchagua kitu, pesa inakwenda kutafuta watu wepesi wa kulaiki, na mwepesi wa kulaiki si mwenye kodi ya miezi sita mkononi. Kiwanja na nyumba ya urithi usilipie. Lipia ile nyumba moja nzuri ya kuuza ambayo karatasi zake ziko sawa na bei yake mtu wa nje ataimudu, chagua mji, Muscat peke yake kwa mfano, sio nchi tano, chagua tangazo linalomleta mtu WhatsApp azungumze na wewe, weka siku nne au tano na pesa ambayo ikipotea hutokopa kwa mangi, halafu simamisha uhesabu. Ukiwapelekea walioko Marekani ujue kule tangazo la nyumba linatiwa kwenye fungu maalum na hutoweza kuchagua umri wala jinsia ya wa kuliona, hiyo ni baada ya kesi za ubaguzi walizoshitakiwa Facebook wakamalizana 2019. Na wafuasi wa kununua usiguse kabisa.

Jambo la wezi wa picha hukuuliza lakini litakufika kama halijakufika. Picha yako inachukuliwa, inatiwa namba nyengine, bei inashushwa, mtu wa nje anatuma advansi ya kushikia nyumba, na nyumba haikupata kuwa ya yule. Mtu akiibiwa kwa picha yako jina linaloharibika ni lako. Ndo mana nakuhimiza video na sio picha, na uso wako na sauti yako viwemo, leo tarehe ngapi niko mtaa fulani, mana sauti yako mtu hawezi kuibandika namba yake juu. Usioneshe nambari ya nyumba wala geti lote. Na andikiana na mwenye nyumba, hata ukurasa mmoja, kwamba kakupa wewe, kwa muda gani na kwa udalali upi, la sivyo umefanya video, umelipa bando, na mwenye nyumba kamalizana na mteja nyuma ya mgongo wako na hutokuwa na pa kusimama.

La mwisho nunua daftari, lile la skuli linatosha. Kila anaekupigia muulize umenipata wapi, andika. Jirani, mteja wa zamani, sheha, Facebook, statasi, TikTok. Pembeni andika kaangalia nyumba au hakuangalia, na kalipa au hajalipa. Fanya miezi mitatu. Langu mimi nilipolifungua mara ya mwisho, waliotumwa na wateja wa zamani walijaza kurasa na kurasa, waliotoka Facebook ni wapangaji karibu wote, na mtandao ule nliokuwa naupenda zaidi kushinda nao haukuniletea hata mtu mmoja alieshika funguo. Niliufunga siku ile ile. Wewe unaweza ukakuta TikTok ndo inakulisha, sijui, daftari lako litasema. Likishasema mpe mkeo asome. Na vespa usiiuze.

Barua ya pili ni ya dada kutoka Pemba.

"Ami shikamoo. Mie niko Wete, nasaidia watu kuuza nyumba na mashamba baada ya kazi yangu ya ushoni. Wenzangu wa Unguja wananambia nifungue ukurasa, lakini hapa Wete kila mtu anamjua kila mtu, nyumba ikiuzwa khabari imeshafika Konde kabla ya adhuhuri. Nitamtangazia nani? Fundi cherehani, Wete."

Marahaba mwanangu. Umesema kweli, alioko Wete humtangazii, atakwambia wewe kabla hujamwambia. Lakini nihesabie wewe watu wa mtaa wenu wako wapi. Mmoja Tanga ana duka, wawili Kariakoo, watatu Unguja, wengine Mombasa, wengine Muscat na Dubai. Wapemba wametawanyika kwa biashara kuliko watu wengi niwajuao, na kila mmoja akipata kitu anataka kiwanja kwao, sio kwengine. Soko lako liko nje ya Pemba ila ni la watu wa Pemba. Kwaiyo ukurasa wa watu wote hukuhitaji, unahitaji WhatsApp peke yake na magrupu ya watu wa kwenu, ya skuli mlosoma, ya kijiji. Omba ruhusa kwa msimamizi wa grupu kwanza, siku moja kwa wiki inatosha, na grupu la msiba usitie tangazo kabisa, hata kama shamba la marehemu ndo linauzwa. Hasa kama ndo hilo.

Na kwenye mashamba ya Pemba andika mapema, kinachouzwa ni ardhi na mikarafuu au mikarafuu peke yake au ardhi bila ya mikarafuu, miti mingapi, mikongwe au michanga, na karafuu ziloko juu msimu huu za nani. Nimeona ndugu wa tumbo moja wamefikishana kwa sheha kwa sababu ya neno moja shamba ambalo kila mmoja kalifahamu kivyake. Muda wa kutuma uangalie na karafuu, msimu ukiwa mzuri na watu wameshauza ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, ndo wenye pesa wanatafuta pa kuzitia, na wenye shida ya pesa hawauzi tena, bei inapanda. Kazi yako ya ushoni usiiache, wanawake wanaokuja kupimwa nguo ndo wanakuletea khabari za nyumba ambazo hakuna mwanamme dalali anazipata, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Ya tatu ni fupi, ya kijana wa Jambiani. Anasema kuna mgeni kamtumia ujumbe Instagram, kaona video ya pwani, anataka kununua kiwanja, na kamwambia kama sheria inakataa basi kiandikwe jina la kijana na yeye atatoa pesa. Anauliza achukue?

Usichukue mwanangu. Mgeni hamiliki ardhi Zanzibar, na ukiandikwa wewe kwa pesa yake, siku mkigombana yeye hana ardhi na wewe una kesi, na ukifa wewe kiwanja kinaingia kwenye mirathi yako wanao wanabaki na ugomvi wasioujua. Mjibu leo kwa adabu, mwambie njia zipo mbili za wazi, kukodi ardhi ya uwekezaji kwa mkataba wa muda mrefu kupitia ZIPA, yani mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, au kununua fleti katika miradi iloruhusiwa kama ile ya Fumba, mana tokea sheria ya kondominiamu ya 2010 mgeni anaweza kumiliki sehemu yake ndani ya jengo. Ukimpeleka huko waulize wenye mradi kama wanalipa dalali na kiasi gani, upate kwa maandishi kabla hujamtambulisha, na pesa yake yoyote isipite kwenye simu yako.